Mwongozo Kamili wa Tenisi: Kuhesabu, Kucheza na Kufuatilia Mashindano Makubwa

Mwaka 2010 pale Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, Nicolas Mahut wa Ufaransa alishinda pointi 502 dhidi ya John Isner wa Marekani. Isner alipata 478. Mechi ilichukua saa 11 na dakika 5, ikasambaa kwa siku tatu, na aliyesonga raundi ya pili alikuwa Isner, mwenye pointi pungufu. Hakuna aliyedhulumiwa wala refa aliyekosea hesabu.

Ukielewa kwa nini matokeo yale yalikuwa halali, umeielewa tenisi. Mchezo huu haujumlishi pointi kuanzia mwanzo hadi mwisho kama kikapu au soka. Unazifunga kwa mafungu: pointi hujenga gemu, gemu hujenga seti, seti hujenga mechi. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo, ila hapa kinachomwagika hakiendi kujaza kibaba cha pili. Mwongozo huu unakwenda hatua kwa hatua, na utaona nimekaa zaidi kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi wa mchezo huu hukata tamaa.

Hatua ya 1: Ujue uwanja

Uwanja una urefu wa mita 23.77. Wanapocheza watu wawili, mmoja dhidi ya mmoja, upana ni mita 8.23. Wanapocheza wanne, upana unafika mita 10.97, yaani zile njia nyembamba za pembeni nazo zinahesabika. Wavu una kimo cha sentimita 91.4 katikati na sentimita 107 kwenye nguzo. Tofauti hiyo si ya urembo: mpira unaopigwa kwa mshazari hupita juu ya sehemu ya wavu iliyo fupi zaidi na una nafasi ndefu zaidi ya kutua. Ndiyo maana wachezaji wazuri hupiga mshazari mara nyingi, na hupiga moja kwa moja kando ya mstari pale tu wanapotaka kummaliza mpinzani.

Mita 6.40 kutoka kwenye wavu kuna mstari wa sevu, yaani wa pigo la kuanzisha pointi. Kati yake na wavu, kila upande una visanduku viwili, cha kulia na cha kushoto. Mstari wenyewe ni sehemu ya uwanja: mpira ukiugusa hata kidogo tu, umetua ndani.

Kuhusu vifaa sina mengi. Mpira rasmi una uzito wa kati ya gramu 56.0 na 59.4, na raketi haitakiwi kuzidi urefu wa sentimita 73.7. Anayeanza, mtoto au mtu mzima, asione haya kutumia mipira ya mafunzo. Mwekundu ndio wa polepole kuliko yote, kisha wa chungwa, kisha wenye alama ya kijani. Mpira wa kawaida una kasi inayomnyima mwanafunzi muda wa kujipanga, na asiyejipanga hujifunza mapigo mabovu.

Hatua ya 2: Anzisha pointi kwa sevu

Kabla ya mechi hupigwa kura. Mshindi wa kura huchagua kupiga sevu au kupokea, au huchagua upande wa uwanja na kumwachia mwenzake lile chaguo jingine. Anaweza pia kumtaka mpinzani achague yeye kwanza.

Mpiga sevu husimama nyuma ya mstari wa nyuma, kati ya alama ya katikati na mstari wa pembeni. Pointi ya kwanza ya kila gemu hupigwa kutoka kulia, ya pili kutoka kushoto, na kuendelea hivyo kwa zamu. Mpira hurushwa juu na kupigwa kabla haujagusa chini, na lazima utue katika kisanduku cha mshazari upande wa mpinzani. Mguu ukikanyaga mstari wa nyuma au ndani ya uwanja kabla raketi haijagusa mpira, sevu hiyo imeharibika.

Una nafasi mbili. Ukiharibu ya kwanza unapiga ya pili, na ukiharibu zote mbili, pointi ni ya mpinzani. Kosa hilo huitwa dabo folti. Mpira ukigusa wavu kisha ukatua katika kisanduku sahihi, ni leti: sevu hiyo inarudiwa bila adhabu, hata ikitokea mara tano mfululizo. Sevu nzuri ambayo mpokeaji hakuigusa kabisa huitwa eisi.

Mpokeaji anaruhusiwa kusimama popote upande wake, lakini hawezi kuupiga mpira wa sevu kabla haujadunda. Akifanya hivyo, au mpira ukimgonga mwilini kabla ya kudunda, amepoteza pointi, hata kama mpira ulikuwa unaelekea nje waziwazi. Basi mpira unaokwenda nje ukwepe, usiudake.

Hatua ya 3: Jua pointi inavyopotea

Baada ya sevu, mpira unaweza kupigwa ukiwa hewani au baada ya kudunda mara moja. Unapoteza pointi ukiuacha udunde mara mbili upande wako, ukiupiga nje, au ukiupiga wavuni usivuke. Haya ya kawaida kila mtu huyajua ndani ya dakika kumi.

Yasiyojulikana sana ni haya. Mwili wako, nguo yako au raketi yako ikigusa wavu wakati mpira bado uko hai, pointi imekwenda, hata kama pigo lako lilikuwa la ajabu. Huruhusiwi kuupiga mpira kabla haujavuka kuja upande wako, ingawa baada ya kuupiga upande wako raketi inaweza kupita juu ya wavu kwa nguvu ya pigo lenyewe. Mpira wa mpinzani ukidunda kwako kisha ukarudi kwake wenyewe kwa sababu ya mzunguko au upepo, hapo unaweza kunyoosha mkono juu ya wavu na kuupiga, mradi tu usiguse wavu. Na mpira ukipita nje ya nguzo ya wavu, hata chini ya kimo cha wavu, kisha ukatua ndani, ni halali kabisa. Pigo hilo ni miongoni mwa mazuri kuliko yote ya mchezo huu, na bado wapo wanaolikataa kwa kutojua.

Mpira ukigusa wavu katikati ya mchezo na kuangukia upande wa pili, mchezo unaendelea. Leti ya wavu ni ya sevu peke yake.

Hatua ya 4: Hesabu gemu

Hapa nenda polepole. Pointi ya kwanza huitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40, na ya nne inamaliza gemu. Asiye na kitu husemwa ana lavu, yaani sifuri. Alama za mpiga sevu hutajwa kwanza daima. Ukisikia "15-40", mpiga sevu ana 15 na mpokeaji ana 40, yaani mpiga sevu yuko taabani.

Wote wakifika 40, hali hiyo huitwa diusi. Kutoka hapo lazima mmoja ashinde pointi mbili mfululizo. Anayeshinda ya kwanza anapata advanteji. Akishinda inayofuata, gemu ni yake; akipoteza, wanarudi diusi. Hakuna kikomo, na gemu moja inaweza kwenda diusi mara kumi au zaidi.

Ipo njia rahisi ya kukagua kama hamjapotea njiani. Hesabu pointi zilizokwisha chezwa katika gemu hiyo. Kama idadi inagawanyika kwa mbili, sevu inayofuata hupigwa kutoka kulia; kama haigawanyiki, kutoka kushoto. Mkiwa 40-15 zimechezwa pointi nne, hivyo ni kulia. Mkiwa 40-30 zimechezwa tano, ni kushoto. Diusi ni kulia siku zote, na advanteji ni kushoto siku zote.

Sasa turudi kwenye swali la Mahut na Isner. Chukua wachezaji wawili, tuwaite A na B. A anashinda gemu mbili bila B kupata kitu, yaani pointi 8 kwa 0. Kisha B anashinda gemu mbili zilizofika diusi, kila moja pointi 5 kwa 3. Jumla ya pointi: A ana 14, B ana 10. Jumla ya gemu: 2-2. Pointi nne za ziada za A hazikumnunulia chochote. Bao la maana si kushinda pointi nyingi, ni kushinda zile zinazofunga fungu.

Ndiyo maana watangazaji hupandisha sauti kwenye brekipointi. Mpiga sevu ana faida kubwa, hasa kwenye ngazi ya kulipwa, hivyo hutarajiwa kushinda gemu zake. Mpokeaji akishinda gemu ya mwenzake, amevunja sevu. Pointi ambayo ikishindwa na mpokeaji itavunja sevu ndiyo brekipointi, na seti nzima huweza kuamuliwa na moja tu ya aina hiyo.

Hatua ya 5: Hesabu seti, kisha taibreki

Anayefikisha gemu 6 kwanza, akiwa amemzidi mwenzake kwa angalau gemu 2, ameshinda seti. Kwa hiyo 6-4 imekwisha, 6-5 haijaisha. Kutoka 6-5 inaweza kuwa 7-5, au ikawa 6-6, na hapo huchezwa taibreki.

Ndani ya taibreki, sahau 15 na 30. Pointi zinahesabiwa moja, mbili, tatu. Anayefika 7 kwanza kwa tofauti ya 2 ameshinda, na seti inaandikwa 7-6. Ikiwa 6-6 ndani ya taibreki yenyewe, wanaendelea mpaka mmoja azidi kwa mbili.

Zamu za sevu ndizo zinazochanganya watu. Anayetakiwa kuanza hupiga sevu moja tu, kutoka kulia. Kisha mwenzake hupiga mbili, ya kwanza kutoka kushoto na ya pili kutoka kulia. Baada ya hapo kila mmoja hupiga mbili mbili. Wanabadilishana upande wa uwanja kila baada ya pointi 6. Aliyeanza kupiga sevu kwenye taibreki ndiye atakayepokea kwenye gemu ya kwanza ya seti inayofuata.

Mechi nyingi ni bora kati ya seti tatu, yaani wa kwanza kushinda seti mbili. Kwenye mashindano manne makubwa yaitwayo Grand Slam (Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani), mechi za wanaume za mmoja dhidi ya mmoja ni bora kati ya seti tano, na za wanawake bora kati ya tatu.

Seti ya mwisho ina historia yake. Taibreki ilibuniwa na Mmarekani Jimmy Van Alen, na mashindano ya wazi ya Marekani yakaipokea mwaka 1970. Kwingineko iliingia polepole, na seti ya mwisho iliachwa bila taibreki kwa miaka mingi. Ndiyo sababu Isner na Mahut walifika 70-68. Mashindano manne yalikuwa na sheria nne tofauti za kumaliza seti ya mwisho, jambo lililowatesa wachezaji na watazamaji vilevile. Tangu 2022 wote wanne wamekubaliana: seti ya mwisho ikifika 6-6, huchezwa taibreki ya pointi 10, kwa tofauti ya 2. Wapo wanaosikitikia seti zile ndefu. Mimi naona uamuzi ulikuwa wa haki, maana aliyeshinda mechi ya aina ile aliingia raundi iliyofuata akiwa hoi. Isner mwenyewe alipoteza mechi yake iliyofuata kwa seti tatu mfululizo.

Hatua ya 6: Kubadilishana upande na kupumzika

Wachezaji hubadilishana upande baada ya gemu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo, ili jua na upepo viwapate wote sawa. Wakibadilishana wana sekunde 90 za kukaa na kunywa maji, isipokuwa baada ya gemu ya kwanza ya seti, ambapo hupita moja kwa moja. Kati ya seti na seti kuna sekunde 120, na kati ya pointi na pointi ni sekunde 25.

Hatua ya 7: Wawili dhidi ya wawili

Hesabu ni ileile, zamu ndizo zinazobadilika. Wachezaji wote wanne hupiga sevu kwa mzunguko, gemu moja kila mmoja, timu zikipokezana. Kwenye kupokea, mmoja anashika upande wa kulia na mwenzake wa kushoto, na hawabadilishani mpaka seti iishe. Njia za pembeni zinahesabika wakati wa mchezo, lakini sevu bado lazima itue kwenye kisanduku kilekile. Katika mashindano mengi ya kulipwa ya aina hii, diusi huamuliwa kwa pointi moja tu, na timu inayopokea huchagua nani apokee. Mara nyingi pia seti ya tatu huachwa, na badala yake huchezwa taibreki ya pointi 10.

Hatua ya 8: Cheza bila refa

Tenisi nyingi duniani huchezwa bila refa, na hapa mchezo huu unanivutia kuliko mahali pengine popote. Kila mchezaji huamua mistari ya upande wake mwenyewe. Umeona mpira umetoka, sema "nje" papo hapo, kwa sauti. Hukuona vizuri? Basi ulikuwa ndani, na pointi ni ya mwenzako. Shaka yoyote humfaidi mpinzani. Mpira wa uwanja wa jirani ukiingia kwenu katikati ya pointi, simamisheni na mrudie pointi nzima.

Mpiga sevu atangaze alama kwa sauti kabla ya kila pointi. Ni tabia ndogo, nayo huzuia ugomvi wote ule wa "tulikuwa 30-15 au 15-30?". Mkitofautiana kweli, rudini kwenye alama ya mwisho mnayokubaliana wote, kisha muendelee kutoka hapo.

Kwenye mashindano makubwa, kompyuta na kamera zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Wimbledon iliwaondoa waamuzi wa mistari mwaka 2025. Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, bado ilikuwa nao mwaka huo, kwa sababu kwenye udongo mpira huacha alama, na refa anaweza kushuka kitini kwenda kuiangalia.

Hatua ya 9: Soma matokeo yaliyoandikwa

Chukua fainali ya Roland Garros ya 2025, Carlos Alcaraz dhidi ya Jannik Sinner: 4-6, 6-7(4), 6-4, 7-6(3), 7-6(10-2). Alama za mshindi wa mechi huandikwa kwanza katika kila seti. Alcaraz alipoteza seti mbili za mwanzo, akashinda tatu zilizofuata. Namba kwenye mabano ni pointi za aliyeshindwa taibreki: ile (4) ina maana Alcaraz alipoteza 4-7, na ile (3) ina maana Sinner alipoteza 3-7. Ya mwisho ni taibreki ya pointi 10, imeandikwa yote.

Kisichoonekana kwenye mstari huo ni kwamba katika seti ya nne Sinner alikuwa na pointi tatu za ubingwa, yaani moja tu kati yake ingempa kombe, akiongoza gemu 5-3 na pointi zikiwa 0-40 kwenye sevu ya Alcaraz, akazikosa zote. Wala haionekani kwamba kwa jumla Sinner alishinda pointi 193 na Alcaraz 192. Miaka sita kabla, kwenye fainali ya Wimbledon ya 2019, Roger Federer alishinda pointi 218 na Novak Djokovic 204. Federer alipata pointi mbili za ubingwa kwenye sevu yake mwenyewe, akazipoteza, na kombe likaenda kwa Djokovic.

Mashindano yalikotoka

Tenisi ya nje ilitokana na mchezo wa zamani wa ndani uliochezwa na wafalme na watawa wa Ufaransa. Mwaka 1874 Meja Walter Clopton Wingfield wa Uingereza alipata hataza ya mchezo wake wa kwenye nyasi. Uwanja wake ulikuwa umebanwa katikati, na hesabu ilikwenda hadi 15, mpiga sevu pekee akipata pointi.

Mwaka 1877 klabu moja ya Wimbledon ikaandaa mashindano na kuandika sheria zake. Kamati iliuacha uwanja wa Wingfield, ikachora wa mstatili wenye vipimo vinavyotumika hadi leo kwa mmoja dhidi ya mmoja, na ikachukua ile hesabu ya 15, 30 na 40 kutoka mchezo wa zamani. Wachezaji 22 walijiandikisha, na Spencer Gore akawa bingwa wa kwanza. Wanawake waliingia mwaka 1884, na Maud Watson akashinda.

Marekani ilianza mashindano yake mwaka 1881, Ufaransa 1891 na Australia 1905. Yale ya Ufaransa yalikuwa ya wanachama wa klabu za nchi hiyo tu hadi 1925, na yalihamia uwanja wa Roland Garros mwaka 1928. Kushinda yote manne katika mwaka mmoja ndiko kunakoitwa Grand Slam kamili, na waliofanya hivyo kwenye mchezo wa mmoja dhidi ya mmoja ni watano: Don Budge 1938, Maureen Connolly 1953, Rod Laver 1962 na tena 1969, Margaret Court 1970, na Steffi Graf 1988, ambaye mwaka huohuo alichukua na dhahabu ya Olimpiki jijini Seoul.

Hadi 1968 mashindano haya yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa pekee. Wanaolipwa walikatazwa, na mabingwa wengi walitoweka kwenye rekodi wakiwa katika ubora wao. Laver mwenyewe alizuiwa kwa miaka mitano kati ya Grand Slam zake mbili. Mwaka huo wa 1968 milango ilifunguliwa, lakini Arthur Ashe aliposhinda mashindano ya wazi ya Marekani hakuweza kuchukua dola 14,000 za mshindi, kwa kuwa yeye bado alikuwa wa ridhaa. Miaka kumi na miwili kabla yake, Althea Gibson alikuwa ameshinda Ufaransa na kuwa mtu mweusi wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam. Kuhusu fedha za wanawake, Marekani ililipa sawa na wanaume kuanzia 1973, Wimbledon ikasubiri hadi 2007.

Kwa mataji ya mmoja dhidi ya mmoja, Djokovic ana 24, Rafael Nadal 22 na Federer 20. Kwa wanawake, Court ana 24, mengi yakiwa ya kabla ya 1968, na Serena Williams ana 23, yote ya baada yake. Nadal alitwaa Roland Garros mara 14.

Ukitaka kuanza kufuatilia, ratiba ni hii: Melbourne mwezi Januari kwenye sakafu ngumu, Paris kati ya Mei na Juni kwenye udongo, Wimbledon kati ya Juni na Julai kwenye nyasi, na New York kati ya Agosti na Septemba kwenye sakafu ngumu tena. Kila moja lina wachezaji 128 kwa wanaume na 128 kwa wanawake, hivyo bingwa hushinda mechi saba. Nakushauri uanze na Paris. Udongo hupunguza kasi ya mpira, pointi huwa ndefu, na sevu huvunjwa mara nyingi zaidi kuliko kwenye nyasi. Utapata nafasi ya kuhesabu mwenyewe kabla refa hajatangaza.